Jina Langu Limekwenda Kucheza

Aprili 6

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Yule Altagracio Frías anayeandikwa magazetini, mlinzi wa nyuma katikati kwenye besiboli, mtoto wa miaka kumi na saba anayewafanya Wamarekani watoe macho kwa mbio zake, si Altagracio. Altagracio ni mimi. Yule ni kaka yangu Eusebio, na kumi na saba ameiacha nyuma siku nyingi. Ana ishirini na mmoja.

Nimeandika. Najiona kama nimeiba, na aliyeibiwa ni mimi. Hapana, hilo nalo si kweli. Hakuna aliyeniibia. Niliulizwa, nikakubali.

Ilikuwa mwaka juzi, nimetimiza miaka kumi na sita tu. Dalali Chago, yule anayewanoa vijana wa Kidominikana na kuwauza kwa vilabu vya Marekani, alikuwa amekaa kwenye kiti chetu cha plastiki, kofia gotini. Akamwambia Mama: "Bi Nereida, mwanao anakimbia kama moto kwenye miwa. Lakini anakaribia ishirini. Ishirini kwenye besiboli ni uzee. Nani ananunua ndizi iliyoiva kupita kiasi? Kuna watoto wa kumi na sita, wabovu kuliko yeye, wanachukuliwa kila siku." Halafu akageuza shingo. "Na huyu bubu wako, ana mingapi?"

Kaka ndiye aliyenifuata nje. Nilikuwa namenya muhogo. Akachuchumaa, akachukua kisu kingine, akamenya pamoja nami mihogo mitatu. Mwisho akasema, "Niazime jina." Nikasema sawa. Mimi kila kitu husema sawa.

Tukahama kijiji cha miwa, tukaja mji huu wa Hato Mayor ambako hakuna anayetujua. Cheti changu cha kuzaliwa kikaenda na Kaka, cha kwake nikabaki nacho mimi. Hapa naitwa Eusebio Frías, miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Darasani wananiita Babu.

Leo msimu umefunguliwa. Kaka yuko Iowa, kule Marekani, ligi ndogo ngazi ya chini. Anasema kuna theluji uwanjani na vidole vinamuuma akishika gongo la kupigia mpira.

Aprili 9

Mbili kati ya nne: mara nne Kaka kasimama na gongo, mara mbili kaugonga mpira akafika salama kituoni. Hapa jua kali, vumbi tupu.

Aprili 14

Moja kati ya tatu.

Aprili 15

Bure. Hakugonga hata moja. Mama hakula.

Aprili 23

Kila siku baada ya shule napita kwenye duka la intaneti kuangalia matokeo, na kila Alhamisi natafuta habari za Kaka, nanakili kwenye daftari, kisha nawasomea nyumbani kwa Kihispania. Shule yetu ni ya masista: asubuhi Kihispania, mchana Kiingereza. Ndiyo faida yangu pekee katika nyumba hii.

Leo nimepata habari nzuri. Mwandishi wa huko anasema Altagracio Frías huanza kukimbia kabla gongo halijagusa mpira, kana kwamba kuna mtu anayemnong'oneza. Nilipofika hapo nikairudia sentensi. Najua alikojifunzia. Kule kwenye miwa nilikuwa nampigia ndimu kwa fimbo ya ufagio, naye anasimama mbali, kanipa mgongo. Mgongo! Anasikiliza tu. "Usitazame," alikuwa akiniambia, "sikiliza fimbo. Ikilia kali, rudi nyuma. Ikilia nzito, kimbia mbele." Alizidaka ndimu nane kati ya kumi.

Bi Fefa wa nyumba ya pili huja kusikiliza usomaji. Yeye hasikii habari ya Kaka bila kunipa yangu.

"Na wewe, Eusebio, kaka mtu, huoni haya? Mdogo wako analisha nyumba, wewe dume zima ndevu zinakutoka, bado unasoma na watoto."

"Ndevu gani, Bi Fefa?" Mama akajaribu kucheka. "Huyo hata sharubu hana."

"Basi amelaaniwa! Miaka ishirini na mmoja bila sharubu!"

Mama akanyanyuka ghafla kwenda kuangalia maharage. Maharage yalikuwa hayajawekwa jikoni.

Mei 3

Mvua ya kwanza. Kaka tatu kati ya tano.

Mei 4

Mvua.

Mei 12

Mwalimu Dilcia, anayetufundisha Kiingereza, kaniita baada ya kipindi. Huwa hapendi kusifu, kwa hiyo akaanza kwa kunisuta: "Wewe, ukiendelea kuongea na viatu vyako, hakuna atakayejua kama una kichwa." Kisha akanitolea karatasi. Chuo kimoja cha mji mkuu kinatoa nafasi tatu za kusomea ukalimani, ada na chumba juu yao. Kuna mtihani wa kutafsiri mwezi wa saba. Amekwisha kuwaandikia kunihusu.

Nilisoma mpaka mstari wa mwisho. Mwombaji asizidi miaka ishirini.

Naye alikuwa anausoma mstari huohuo, kichwa chini. "Eusebio, mwanangu," akasema, na nilijua hasira yake si kwangu, "ungezaliwa miaka miwili baadaye tu."

Nilitoka na mvua. Nilikuwa na mwavuli mkononi, sikuufungua.

Mei 13

Mbili kati ya nne.

Mei 29

Wiki mbili mfululizo Kaka anagonga kila mechi. Chago kaja na kuku wawili hai. "Wanamwongelea! Kumi na saba! Mtoto wa kumi na saba anawachezea wenye ishirini na mbili kama karanga!" Akanipiga bega. "Umri ndio unaomuuza, bwana mdogo. Angekuwa na wako, nani angemtazama?"

Tulikuwa sisi watatu tu ndani, hapakuwa na wa kufichwa. Wala hakuwa anaigiza. Nadhani amekwisha kuuamini uongo wake mwenyewe.

Juni 11

Kaka kapandishwa! Yuko Florida, ngazi ya pili. Bi Fefa kapiga sufuria mlangoni kama harusi. Mama kalia, mimi nimecheka. Nilicheka kweli, nataka iandikwe. Nampenda kaka yangu.

Juni 15

Leo nimetimiza miaka kumi na minane.

Kaka naye katimiza leo, huko Florida. Nimeiona picha dukani: keki ya buluu yenye gongo la sukari, wenzake wamempaka krimu puani, na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza, "Heri ya kuzaliwa, Altagracio." Nimeitafsiri kichwani. Halafu nikaitafsiri tena, kama vile mara ya pili ingetoka tofauti.

Nyumbani hatuwezi kusema kitu. Bi Fefa alikuwa barazani tangu asubuhi. "Leo ni sikukuu ya mdogo wako, umemwombea?" Nikasema nimemwombea. Kwenye chakula Mama aliniwekea jibini ya kukaanga vipande vinne, yeye akabaki hana. Aliupitisha mkono juu ya nywele zangu, akaenda zake uani.

Juni 16

Bure kati ya nne.

Julai 2

Kaka kapiga simu. Mama aliongea kwanza, halafu akatoka kwenda dukani, tukabaki sisi wawili kwenye waya. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi: chuo, mtihani wa Mwalimu Dilcia, ule mstari wa mwisho. Nilitaka kumuuliza, si kumlaumu, kumuuliza tu: mpaka lini?

"Sema, Eusebio," akasema.

Nikasubiri acheke. Nyumbani sikuwa na mtu, yeye alikuwa peke yake chumbani, aliniambia mwenyewe kwamba mwenzake ametoka. Hakukuwa na sababu ya kuniita hivyo.

"Eusebio, upo?"

"Nipo," nikasema.

Akaniambia juu ya joto la Florida, na jinsi kocha anavyomfundisha kusoma upepo kwa majani anayoyarusha juu. Akaniambia anaamka usiku kuangalia kama cheti bado kimo kwenye begi. Nikasema sawa, sawa. Simu ilipokatika nikabaki nimeishika. Hakunisahau kwa ubaya. Mtu akivaa shati la mwenzake miaka miwili, siku moja anasema shati langu.

Julai 9

Bure.

Julai 10

Bure.

Julai 12

Bure kati ya tano. Mvua imefunga barabara, matokeo nimeambiwa kwa simu na mwenye duka la intaneti. Mama kafunga, hali kitu.

Julai 14

Kaka amekaa siku sita bila kugonga hata mara moja. Leo Mama kaniambia anachokiogopa. Tulikuwa tunachambua mchele, na yeye akiwa anachambua mchele huongea kama yuko peke yake.

"Ni lile jina," akasema. "Jina la nadhiri halitolewi kama sufuria."

Nilijua jina langu ni la Bikira wa Altagracia, kama nusu ya wanawake wa nchi hii. Kwamba lilitoka kwenye nadhiri sikuwahi kuambiwa. Nikamuuliza nadhiri gani. Akanitazama, akaona ni mimi, akafumba mdomo. "Chambua mchele."

Julai 16

Mbili kati ya tatu! Mama kawasha mishumaa sita.

Julai 21

Mtihani wa kutafsiri ulikuwa leo. Mwalimu Dilcia kaniambia nikaufanye tu, "wakatae wao, usijikatae wewe." Nilipewa hotuba ya bwana mmoja kuhusu mabwawa ya maji. Niliimaliza kabla ya wengine. Kisha ikaja fomu. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Niliandika tarehe yangu, ile ya kweli, kwa wino. Niliitazama muda. Ilikuwa nzuri kama kitu kipya. Nikaomba fomu nyingine, nikasema nimekosea.

Agosti 3

Mwalimu Dilcia anasema nilikuwa wa kwanza. Wamewaita wa pili, wa tatu na wa nne.

Agosti 4

Moja kati ya nne.

Agosti 12

Kaka yuko Alabama. Ngazi ya tatu, na baada ya hapo umebaki mlango mmoja. Gazeti linasema tangu miaka mingi hajapanda mtoto wa kumi na minane haraka hivi. Nimewasomea. Bi Fefa alinishika shavu. "Usihuzunike, Eusebio. Mungu humpa kila mtu chake."

Nilitaka kumuuma mkono.

Agosti 13

Moja kati ya nne. Upepo.

Agosti 21

Kimbunga kimepita pembeni, kimechukua mabati mawili ya jikoni na mpapai wa Bi Fefa. Hatuna umeme. Sijui Kaka kapiga ngapi. Kusema kweli, siku tatu hizi za kutojua zimekuwa za raha. Nimelala.

Agosti 28

Chago kaja mbio, bila kuku. Klabu ya Kaka inafikiria kumwandika kwenye orodha ya watu arobaini, wale ambao ligi kuu inaweza kuwaita wakati wowote. Lakini kabla ya kuandika hutuma mtu kuchunguza. Mtu huyo ni wakili Peguero, Mdominikana kama sisi, na jana alikuwa kijijini kwetu kwenye miwa.

"Wamesema nini kule?" Mama akauliza.

Chago akacheka mpaka akakohoa. "Kule nani anamjua mtu kwa jina la ubatizo? Kawauliza juu ya Altagracio, wakamwambia huyo mtakatifu gani? Wanamjua Mrefu na Bubu. Kawauliza nani mkubwa, wakaimba kama kwaya: Bubu ndiye mkubwa! Kijiji kizima kinamlinda wa kwao, hadi yule mzee kipofu!" Kisha akaacha kucheka. "Sasa anakuja hapa. Bi Nereida, maneno machache. Na wewe, bwana mdogo, una bahati. Hata usipojibu, watu watajua ndivyo ulivyo."

Agosti 30

Tatu kati ya nne. Mama kanisomesha tarehe ya kuzaliwa ya Kaka mara ishirini, kama katekisimu.

Septemba 2

Amekuja leo asubuhi. Mvua ilikuwa nyepesi.

Nilidhani angekuwa na uso wa polisi. Ni mzee mwembamba, mguu mmoja haukunjiki vizuri, shati la mikono mirefu limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alisema hodi, akavua kofia, akamuuliza Mama kama kimbunga kilitudhuru. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Akatandaza vyeti vyake mezani, akauliza, Mama akajibu. Mama alijibu vizuri ajabu. Mwaka, hospitali, mkunga, nani alitembea kwanza. Nilimsikiliza nikaona hata mimi namwamini.

"Na wewe, kijana. Eusebio?"

"Ndiyo."

"Umezaliwa lini?"

Nikaitaja tarehe ya Kaka. Ilitoka laini kama yangu.

"Ndiyo kwanza umemaliza shule?"

"Nilichelewa kuanza."

"Bora kuchelewa," akasema, akaandika. Kisha akafunga jalada, akalifunga na kamba yake, akaligonga gonga kwa kidole. "Basi, Bi Nereida. Kazi yangu imekwisha. Nitaandika kwamba mambo yamenyooka. Mungu ambariki kijana."

Nilisikia pumzi ya Mama ikitoka. Akakimbilia jikoni akaleta kahawa, ile nzuri, na mikate ya muhogo. Tulikuwa tumepona. Nataka nilieleze hili sawasawa: tulikuwa tumepona kabisa, na mtu yule hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anakunywa kahawa ya watu. Macho yake yakatua ukutani, kwenye picha ya Bikira, ambapo Mama ametundika kibati kidogo cha fedha chenye umbo la mtoto mchanga.

"Kumbe nawe ulikwenda kwa nadhiri," akasema. "Mke wangu pia. Binti yetu anaitwa Altagracia. Alikuwa na homa ya ubongo. Wako alikuwa na nini?"

Mama anaweza kudanganya juu ya karatasi. Karatasi ni mambo ya serikali. Lakini juu ya nadhiri hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kudanganya, na sidhani hata alikumbuka kwamba kulikuwa na kitu cha kuficha. Uso ukamfunguka. Akasimulia kama aliyekuwa anangoja miaka kuulizwa.

"Alizaliwa wa miezi saba, bwana wakili. Buluu kama wino. Mkunga alikwisha kumfunika kitambaa. Nikamfunua, nikapanda lori la miwa na damu yangu bado inatoka, nikaenda mpaka Higüey, kwenye kanisa la Bikira. Kutoka mlangoni mpaka altareni nilikwenda kwa magoti. Nikamwambia Bikira: mpe pumzi, nami nitampa jina lako, alichukue mpaka kaburini, asilivue. Na akalia pale pale! Padri kaacha kusali!" Mama alikuwa anacheka na machozi. "Mtazame sasa. Mtazame, akisimama kichwa kinagusa kizingiti cha juu."

Na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, mimi nimekaa kando yake. Vidole vimeingia kwenye nywele, kama afanyavyo siku zote.

Kikombe cha bwana yule kililia kwenye kisahani.

Nilivisikia vidole vya Mama vikikauka, kimoja kimoja. Akauondoa mkono, akautazama kama si wake. Kisha akaokota sinia, akaenda jikoni, na huko kitu kikaanguka kikavunjika.

Baadaye bwana Peguero alichukua kofia yake akaondoka. Mengine sitayaandika.

Septemba 3

Mvua.

Septemba 5

Sikuenda dukani.

Septemba 9

Simu imekuja. Hawakumwacha hata amalize msimu. Walimwita ofisini kabla ya mechi, wakamwambia avue fulana. Mkataba umefutwa, na ubalozi wa Marekani umemfungia safari. Kaka aliongea na Mama, si na mimi. Nilimsikia Mama akirudia: "Ni mkono wangu. Ni mkono wangu huu, mwanangu."

Septemba 10

Chago kasimama barazani akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Miaka miwili! Miaka miwili nimembeba, na mwanamke mmoja anakuja kumwaga kila kitu kwa kikombe cha kahawa! Hukuweza kuufunga mdomo, Bi Nereida?"

Bi Fefa ndiye aliyemfukuza, kwa ufagio. Kisha akaja kwangu, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Kwa hiyo wewe ndiye mtoto," akasema. Akakaa kwenye ngazi. "Na mimi nilikuwa nakutukana."

Mama anapita karibu yangu mikono ameikunja chini ya kwapa. Tangu siku ile hajanigusa kichwa.

Septemba 14

Mwalimu Dilcia alisikia, kama walivyosikia wote. Aliniuliza jambo moja tu: "Miaka kumi na minane? Kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua mkoba wake, akapanda basi la mji mkuu bila kusubiri kengele.

Septemba 17

Wa tatu kwenye orodha ya chuo alikuwa amekwisha kukataa nafasi. Wamenipa. Nitaanza Oktoba mosi. Kwenye barua wameandika jina langu lote, na nimelisoma kwa sauti chooni.

Septemba 20

Kaka amerudi.

Nilidhani angekuja amevimba kwa hasira. Alishuka na begi moja na glavu mbili za kudakia zimefungwa pamoja kwa kamba. Amenenepa shingoni, amepungua usoni. Mama alikuwa amejificha chumbani. Kaka aliingia akamkuta amekaa sakafuni, akakaa naye, akaichukua mikono yake yote miwili akaiweka kwenye mashavu yake. "Mama, wewe uliahidi mbele ya Bikira. Mimi niliahidi mbele ya Chago. Nani alikuwa na haki zaidi?" Mama alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu siku ile.

Halafu akanitazama. "Gracio," akasema. Hilo ni jina la utotoni, lilikuwa limesahaulika. "Unakwenda chuo. Vizuri. Katika nyumba hii, wewe peke yako hukukosea."

Nikasema sawa.

Septemba 22

Kaka kapata kazi ya kupakia machungwa kwenye malori. Watoto wa mtaa walimfuata wakitaka awaonyeshe kudaka. Akawaambia glavu zimenyeshewa. Hazijanyeshewa.

Septemba 27

Keshokutwa naondoka. Leo ni lazima niandike lile nililoliruka tarehe mbili, maana nikiondoka nalo bila kuliweka mahali litanioza tumboni.

Mama alipokimbilia jikoni, tulibaki wawili. Bwana Peguero hakufungua jalada. Alikaa na kikombe chake, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyetaka alichokipata. Akasema polepole ili Mama asisikie: "Wazazi huchanganya watoto. Mama yangu mwenyewe alikuwa akiniita kwa jina la mbwa." Akatabasamu kidogo. "Kijana, amechanganya? Ukiniambia amechanganya, nitaamini, na nitaandika nilichosema mwanzo."

Alinifungulia mlango. Ilitakiwa neno moja tu. Neno hilo ninalo katika lugha mbili.

Na akangoja. Alikunywa kahawa yake mpaka tone la mwisho, polepole, kwa ajili yangu, mvua ikidondoka kwenye bati. Akilini nilimwona Kaka amesimama mbali, amempa kila mtu mgongo, anasikiliza. Nilijua ni nani nitakayemuumiza. Nilijua vizuri kabisa. Sikuwa nimepigwa na butwaa, wala aibu haikunifunga ulimi kama wanavyodhani ikitokea nimenyamaza. Nilikuwa na ulimi. Nilimtazama yule mzee machoni, mimi nisiyemtazama mtu, nikanyamaza kwa makusudi mpaka kikombe kikaisha.

"Nimeelewa," akasema. Akachukua kofia.

Mama anadhani ni mkono wake. Mtaa unadhani ni mdomo wake. Kaka anadhani ni Bikira. Na mimi ninayejua nimepata chuo, chumba na jina, na kila mmoja wao ananiombea heri.

Nilidhani nikiandika nitalia. Sijalia. Kuna kitu kibaya zaidi: chini kabisa ya huzuni, mahali ambapo sikutaka kuangalia, nina furaha.

Kuna nyayo ukumbini. Ni Kaka, tangu arudi anaburuta visigino kama mzee. Jana alisema mashati yangu yote yamekunjamana, hawezi kuniacha niende mji mkuu kama mkata miwa, atanipigia pasi mwenyewe. Huko walimfundisha kupiga pasi.

Amesimama mlangoni. Anabisha hodi, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kunibishia. "Gracio? Nipe lile jeupe, pasi imeshika moto."

Nitaichana karatasi hii na kuikunja. Siiweki kwenye begi, begi atalipanga yeye. Nitaiingiza kifuani, ndani ya shati nililovaa, nami nasema ngoja kidogo, Kaka, nakuja.